Magunia Saba ya Bi Somoe

Salma mwanangu,

Kesho asubuhi ukinitafuta stendi hutaniona. Nakuambia mapema usije ukazungusha shingo huku na huku wakati dereva anapiga honi. Najua nilikuahidi mbele ya mama yako kwamba sanduku lako nitalibeba mwenyewe, nitaliingiza mwenyewe kwenye buti la basi, na nitahakikisha hakuna ndoo ya mtu iliyokaa juu yake. Nimepakia mizigo ya watu Nachingwea na Ruangwa tangu ndevu zangu hazijaota vizuri, na katika yote hiyo, mzigo niliotamani kuupakia ni huo wako. Sitaupakia. Atakupakilia mjomba wako. Mimi nitakuwa ndani ya gari la alfajiri la Ruangwa, naelekea Mbekenyera, na nataka ujue kwa nini.

Naandika alasiri hii, wewe umekwenda Marambo kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko jikoni anakaanga korosho za safari, ameshanifukuza mara mbili kwa sababu kila nikipita nachota. Mambo ya kula, kuvaa, kufunga mlango na watu wa kuwakwepa, mama yako anakuambia tangu juzi na bado hajamaliza, kwa hiyo huko mimi sitii mguu. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo leo jioni. Lakini najijua. Nikiwa na watu wa kunisikiliza napamba maneno, na hili nikilipamba litaharibika.

Unakumbuka wiki iliyopita uliporudi kutoka Mtwara kwenye usaili? Hukuvua hata viatu. Ukasema, "Baba, wameniuliza kwa nini kazi ya kupanga mizigo wanipe mimi, wakati wanaume wameomba wengi. Nikawaambia mimi ni binti wa dereva ambaye miaka yote ya kazi yake hajapoteza gunia hata moja. Wakacheka, halafu wakaandika." Mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nikasukuma sahani. Ukaniuliza, "Baba vipi?" nikasema jino.

Jino langu zima, Salma.

Maneno uliyowaambia wale watu ni ya kweli, gunia halikupotea. Nimeyasema mwenyewe miaka mingi, nimeyasema misibani, harusini, kwenye kahawa, hadi wewe ukayabeba ukaenda kuombea kazi. Na ndani yake kuna jambo nililolificha kabla hujajua hata kutembea.

Nivumilie kidogo lakini, maana siwezi kufika huko moja kwa moja. Unajua ugonjwa wangu wa kuuliza. Mama yako anasema mimi nikikutana na mzee njiani namsimamisha kama trafiki. Nawauliza wazee zamani mizigo ilikwendaje, nani alibeba, njia ilipita wapi. Mnadhani napenda historia tu. Ni kweli naipenda. Ila ukichunguza utaona swali langu siku zote ni lile lile moja: mzigo ukishindikana katikati ya njia, nani anabaki nao?

Bibi yangu mzaa baba alipata kuniambia kuhusu safari za wazazi wake kwenda Lindi kwa miguu. Wanakwenda na nta na mtama, wanarudi na chumvi na vitambaa. Kichwani ngata ya majani, juu ya ngata mzigo. Nikamuuliza, "Wakichoka wanakaa chini?" Akanicheka! "Ukae chini na mzigo ule, nani atakutwisha tena?" Akanieleza kwamba mpagazi alitafuta mti wenye panda kwenye kimo cha kichwa chake, akauegemeza mzigo pale, akapumzika amesimama. Njia nzima miti hiyo ilijulikana, kila mmoja kwa jina lake. Nilifurahi sana kusikia hivyo, nikamuuliza tena, "Na mtu akiugua?" Bibi akasema mzigo wake uliwekwa kwenye panda ya mti, na ndugu yake akabaki chini yake. Kama hana ndugu, je? "Basi mti ndio ndugu," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Babu yako naye ana yake. Kile chuma kilichokuwa kinagongwa shuleni kwenu, ambacho wewe ulikigonga mwaka mzima ukajiona mwalimu mkuu, ni kipande cha reli. Treni ilifika hapa Nachingwea, Salma. Wakoloni waliileta kwa ajili ya karanga. Karanga zikagoma, treni ikabeba mengine kwa muda, halafu wakaamua kuing'oa. Babu yako alikuwa kijana mwenye mgongo mzuri, akapata kibarua cha kung'oa. Alinieleza walivyofanya, na mpaka leo nikikumbuka nasema loo! Walianza huku mwisho. Wanafungua vyuma vilivyo mbele ya treni, wanavipakia kwenye mabehewa, treni inarudi nyuma kidogo, wanafungua vingine. Hivyo hivyo kuelekea Mtwara.

"Kwa hiyo baba," nikamwambia, "mzigo wa mwisho treni ile kubeba ulikuwa njia yake yenyewe?"

"Ndiyo. Ilipita, na nyuma yetu hapakuwa tena na pa kupita."

Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kosa langu, kwa hiyo nikamuuliza swali langu. Nikamwambia, je, stesheni hapakuwa na mizigo ya watu? Babu yako akakuna kidevu. Akasema kwenye kituo kimoja kidogo walikuta magunia mawili ya mtama, yamefungwa vizuri, mwenyewe haonekani. Wakayaacha. "Sisi tulitumwa vyuma," akasema. Alikuwa mzee wa kukohoa kohoa tayari, miaka imepita mingi, na bado alisema, "Najiuliza yalikuwa ya nani."

Sasa nifike kwangu.

Ulikuwa unatambaa. Nilikuwa naendesha lori la tani saba la tajiri mmoja wa hapa mjini, nakusanya korosho vijijini naleta ghalani Nachingwea. Lami hakuna. Utaratibu ulikuwa mmoja: kila mwenye mali anapanda juu ya lori na magunia yake, anayakalia mpaka ghalani. Na kila nyumba ilikuwa na alama yake ya kufungia mdomo wa gunia, huyu katani, yule uzi mwekundu, mwingine kamba ya mgomba. Hukuhitaji kusoma. Ukitupa macho tu unajua hili la fulani.

Mbekenyera kulikuwa na mama anaitwa Bi Somoe. Mumewe, Mzee Hamisi, alivuna korosho zake, akazianika, akaziingiza ndani, kisha akafariki ghafla. Nilipofika na lori Bi Somoe alikuwa ndani ya eda, hatoki, haonekani. Nikasimama barazani, yeye nyuma ya pazia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kupanda lori, na watoto wangu bado wadogo. Haya ni mavuno ya mwisho ya mikono ya marehemu. Nakukabidhi wewe."

Nikamjibu kwa kifua kipana, "Usiwe na wasiwasi, mama. Haya ni yangu sasa."

Yalikuwa magunia saba. Kila mdomo umefungwa kwa kipande cha msuli wa marehemu, wa miraba ya kijani. Tangu safari ile hadi leo sijaweza kuvaa msuli wa kijani, na mama yako hajui kwa nini nilimgawia mjomba wako ule aliouleta kutoka Masasi.

Tulipofika kwenye korongo, tukiwa tumeshapita Ruangwa, mvua ya kwanza ilikuwa imeshapita. Lori likateremka vizuri, kupanda likakataa. Tairi zinazunguka, tope linaruka, wenye mali huko juu wanapiga kelele. Ikifika hapo dawa ni kupunguza. Unashusha sehemu ya mzigo, unavuka na uliobaki, unaupeleka, halafu unarudi kuchukua ule ulioacha. Sisi madereva tuliita kurudia mzigo, na ilikuwa ni jambo la kawaida kabisa. Lakini mzigo wa nani unashuka? Nikapanda juu nikauliza.

"Langu haligusi mtu," akasema mmoja.

"Mimi hata ukinishusha, nashuka nalo na lori linashuka nasi!" akasema mwingine, wakacheka.

Walikuwa wamekalia magunia yao wote. Yaliyokuwa hayajakaliwa na mtu ni saba tu. Sikufikiri hata dakika mbili, Salma. Nikasema, "Shusheni yale ya vitambaa vya kijani."

Tukayapanga pembeni, chini ya mti. Turubai nilikuwa nalo moja, nikaliacha juu ya lori kwa sababu wenye mali huko juu walikuwa na midomo. Hakuna aliyebaki na yale magunia. Nilikusudia kurudi jioni ile ile. Nikafika ghalani nimechoka, nikala, nikaambiwa kuna safari nyingine asubuhi, nikajisemea mvua haitanyesha. Ikanyesha. Niliporudi ilikuwa siku ya pili, na yale magunia yamekaa ndani ya maji kama watu wanaosubiri kivuko.

Nilizianika juu ya turubai kandokando ya barabara kutwa nzima. Korosho ikishalowa imelowa, inapiga weusi, na jicho la ghalani linaiona toka mbali. Zikashushwa daraja, bei ikawa ya kutupwa. Hapo nilikuwa bado naweza kusema ukweli. Ajali ya njia kila mtu anaijua. Ningemwambia, mama, nimekosa, yangu ni haya na haya.

Nikasimama barazani kwake na magunia matupu mkononi, maana desturi ni kumrudishia mtu magunia yake. Nikasema, "Mama, ghalani wamesema korosho hazikuanikwa vizuri."

Nyuma ya pazia akasema polepole, "Marehemu alizianika mwenyewe. Mimi nilikuwa nazigeuza."

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Basi," akasema. "Hakuna neno."

Nimelirudia lile neno kichwani miaka yote hii. Halikuwa na hasira hata kidogo, na afadhali lingekuwa nayo. Msimu ulipokwisha nikaacha lori. Niliwaambia nyote ni mgongo. Nikaanza kushona maturubai pale stendi, na watu wananisifu sindano yangu haipitishi tone. Wanadhani ni ufundi.

Baada ya wewe kuleta ile habari ya usaili sikukaa sawa. Jana nilipowaaga kwamba nafuata uzi wa turubai Ruangwa, nilidanganya. Nilishuka Ruangwa nikachukua bodaboda hadi Mbekenyera. Pale penye korongo siku hizi gari halihangaiki, linapita kabla hujamaliza kupiga chafya. Wakati wa kwenda gari dogo halikusimama, lakini nilitoa kichwa dirishani kama mtoto, nautafuta ule mti. Sijauona.

Bi Somoe nilimkuta uani anapepeta ufuta. Amezeeka, mikono bado ina kasi. Nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha, nikaanza kusema. Nilisema yote, la kushusha, la turubai, la kulala, la uongo. Yeye anapepeta tu. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Umechelewa kidogo," akasema.

Wallahi sikujua nicheke au nilie.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulinirudishia magunia yana tope jekundu hadi kiunoni. Korosho iliyokosa jua inakuja na tope?"

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini na mimi niko ndani ya pazia? Nilikungoja. Nikasema atakuja eda ikiisha. Nikasema atakuja mavuno mengine. Basi."

Halafu ndiyo akaniambia lile nisilolijua. Shemeji zake walisema mjane ndiye aliyeharibu mavuno ya ndugu yao, kwamba alizembea kuzigeuza juani zikaingia ndani mbichi. Mzee Bakari, yule shemeji mkubwa, akasema mwanamke asiyejua kuanika hawezi kuachiwa mikorosho. Wakaichukua. Tangu hapo analima ufuta kwenye kipande cha kuazima, na watoto wake wamekua wakisikia kwamba mama yao ndiye aliyewapotezea shamba la baba yao.

Salma, mimi nilidhani nimelowesha magunia saba. Kumbe!

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Korosho sizitaki. Nataka uyaseme haya haya mbele ya Bakari, watoto wangu wasikie."

Nikamwambia nitasema, ila keshokutwa binti yangu anasafiri asubuhi, nije siku inayofuata. Akanitazama. Akasema Mzee Bakari anaumwa sana, keshokutwa hiyo hiyo mchana wanampeleka Dar kwa watoto wake, na hajui kama atarudi. Halafu akauchukua ungo wake. "Lakini mtoto ni mtoto. Basi, hakuna neno."

Neno ni lile lile na sauti ni ile ile, ila safari hii pazia halikuwepo, namwona usoni. Na mimi nilikuwa nafanya lile lile, naangalia nani anaweza kushushwa bila kelele. Wewe ungenuna. Mama yako angenisema mwaka mzima. Bi Somoe hasemi. Nikamwambia, "Mama, nitakuja keshokutwa, saa tatu." Akasema ataweka mkeka nje.

Ndiyo hivyo. Nimekushusha wewe safari hii, mwanangu, na inaniuma vibaya sana.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu hiyo kazi yako. Hizo kompyuta na makontena siyajui, na nina maswali chungu nzima, ukirudi likizo nitakuhoji mpaka ukimbie: kontena likiwekwa chini kabisa melini wanalijuaje? Nani analifungua huko linakokwenda? Anajua korosho ile ilichumwa na nani? Lakini jambo moja nimelifikiria sana. Zamani mwenye gunia alilikalia. Siku hizi hakuna anayepanda na mali yake, anabaki nyumbani na kipande cha karatasi au ujumbe wa simu. Wenye mizigo wote sasa wako nyuma ya pazia. Lori litajaa, nafasi itakosekana, na wewe ndiye utakayenyoosha kidole kusema huu uende, huu usubiri. Wapo watakaokupigia simu wafoke. Kuna wengine simu yao haitalia. Sikuambii uwapakie hao kwanza, kazi ina taratibu zake. Ila ukiwashusha, jua umewashusha, andika jina lao mahali unapoliona, na urudi. Na ukikosea, sema siku ile ile. Siku ya pili ni ngumu zaidi, na baada ya hapo mtu anazoea. Mimi nilizoea, nikafanya na majigambo juu yake.

Wale mabosi wako wa Mtwara, sikulazimishi uwaambie kitu. Umepata kazi kwa kichwa chako, mimi najua. Lakini ile sifa yangu usiitumie tena. Ukiulizwa baba yako ni nani, sema ni fundi turubai.

Nilipokuwa naondoka Bi Somoe aliingia ndani akatoka na kipande cha kitambaa. Kimefifia, kijani chake inabidi ukitafute. Alivifungua kwenye yale magunia matupu akavihifadhi vyote saba. Akaniuliza binti yangu anakwenda kufanya kazi gani, nikamwambia. Akacheka, meno machache yaliyobaki yakaonekana, akasema, "Mpe hiki. Afungie mzigo wake, asije akakutana na dereva kama wewe."

Nimekifunga kwenye mkono wa sanduku lako, upande wa kulia. Usikifungue. Mjomba wako atalipakia, na ni mzembe, najua, kwa hiyo simama pale uangalie mpaka mlango wa buti ufungwe.

Nitatoka mapema kabla hujaamka vizuri. Nitachungulia mlangoni, ukisikia mlango unalia ni mimi. Kuna watakaokuuliza pale stendi, majirani hawakosi, kwamba mtoto wa kwanza anaondoka na baba hata kumsindikiza hakuja. Mama yako ataona haya. Wewe usione. Waambie baba amekwenda kurudia mzigo.

Baba yako